Mazingaombwe kwa watoto wa chekechea

SWALI: Binti yangu anatimiza miaka minne mwezi ujao, na wenzake kama kumi watakuja nyumbani. Nataka kuwafanyia mazingaombwe mwenyewe. Nianze na yapi? – Mama wa Umoja, Nairobi

JIBU: Mama, karata ziache kabisa, asiyejua saba ya kopa ni nini hashangai ukiipata. Sarafu pia weka mbali, kwani wadogo hutia kila kitu mdomoni.

Chagua kinachobadilika rangi. Tafuta soko la Gikomba skafu mbili nyepesi za shifoni, nyekundu na njano, ukate vipande vya sentimita 30 kwa 30. Leso ya pamba ni nene, itakwama. Chukua bomba la karatasi ngumu linalobaki taulo za karatasi za jikoni zikiisha. Kunja ya njano, ifiche kiganjani kushoto, mgongo wa mkono ukiwaelekea watoto. Kwa mkono wa kulia waonyeshe bomba, wachungulie hadi upande wa pili. Lihamishie kushoto, mdomo wa chini uimeze ya njano. Sasa sukuma nyekundu kwa juu kwa penseli, polepole, huku wakipuliza. Ya njano inachomoza chini. Nyekundu imebaki ndani, kwa hiyo bomba liende mfukoni papo hapo. Lazima mmoja ataliomba.

Waketishe mkekani mbele yako, nawe uegemee ukuta. Anayezunguka nyuma huona kila kitu, na hutangaza! Dakika kumi zinatosha.

Watadai "tena!" Andaa bomba la pili, na safari hii binti yako ndiye asukume penseli.