Muulize Fundi: Anayelia ni mota, aliyechoka ni springi

SWALI: Fundi, shikamoo. Tunaishi Brooklyn Park, Minnesota, na tuna gereji ya magari mawili. Nyumba hii tuliinunua, sasa tuko mwaka wa tano, na aliyetuuzia alituapia kuwa springi za mlango wa gereji ni mpya. Tangu baridi ianze mlango unapanda kwa kunung'unika. Ukifika kiunoni unasimama, mpaka nibonyeze tena. Ukishuka, futi ya mwisho unajibwaga puu! Mume wangu anafanya kazi usiku, mimi asubuhi, watoto nao na baiskeli zao. Kwa siku tunaufungua kama mara sita. Shemeji kanunua mota yenye nguvu zaidi, anataka kuja Jumamosi kuifunga. Nimruhusu?
Mama wa watatu, Brooklyn Park

JIBU: Marahaba, mama. Shemeji mkaribishe chai Jumamosi, lakini mota aiache kwenye boksi.

Wengi hudhani mota ndiyo inayobeba mlango. Mlango wa chuma wa magari mawili, wenye sponji ndani ya kuzuia baridi, unaweza kufika kilo 80 au zaidi. Mota ya nyumbani haikuundwa kunyanyua mzigo huo. Yenyewe inausindikiza tu. Uzito umebebwa na zile springi mbili zilizovaa shafti juu ya mlango. Mlango ukishuka springi zinasokoteka na kujaa nguvu, ukipanda zinaitoa nguvu hiyo. Sasa springi zikichoka hazisemi kitu. Anayelia ni mota, na watu humtibu anayelia.

Aliyewauzia nyumba huenda hakuwadanganya. Springi za kawaida hutengenezwa kwa mizunguko kama 10,000, na kufungua na kufunga ni mzunguko mmoja. Kwa mara sita kwa siku hiyo ni miaka minne na nusu, basi. Mzee anayetoka mara moja kwa siku springi hizo hizo zitamzika. Baridi nayo haikuzichosha, imezianika tu: grisi inaganda, mlango unazidi ugumu, na chuma kilichochoka hupenda kukatika asubuhi ya Januari, nyuzi 20 chini ya sifuri, wakati una haraka ya kazi.

Hesabu pekee haitoshi, pimeni. Mlango ukiwa umefungwa kabisa, vuta ile kamba nyekundu inayoning'inia kwenye reli ya mota, ili mlango uachane na mota. Mumeo auinue kwa mikono mpaka usawa wa kiuno, halafu alegeze mikono pole pole bila kuiondoa, vidole vikae mbali na maungio ya mlango. Springi zikiwa nzima, mlango utatulia hapo hapo. Ukianza kuteremka, zimechoka. Na kama hata kuunyanyua ni kuhema, aurudishe chini na mwishie hapo. Kamba hiyo usiivute kamwe mlango ukiwa juu. Springi ikiwa imekatika bila wewe kujua, kilo zote hizo zitakuja chini kwa mpigo.

Mkiwa humo ndani tazameni juu, bila kugusa. Springi yenye pengo la upana wa vidole vitatu imeshakatika. Mara nyingi waliokuwa nyumbani walisikia mlio kama wa bunduki wakadhani ni wezi. Tazameni na zile kebo za pembeni, hasa kule chini, maana chumvi ya barabarani inayoingia na matairi huzila mpaka zinaota vinywele. Kisha angalieni chini ya mota. Mkikuta unga mweupe, hiyo ni gia ya plastiki inasagika kwa kubeba kazi isiyo yake.

Fundi anaweza kuikaza springi iliyolegea kidogo, na mlango mpya kidogo ningemwambia akaze. Kwa umri wa zenu ni kununua miezi tu. Badilisheni, na zote mbili kwa pamoja. Zilizaliwa siku moja, ikifa moja nyingine iko mbioni.

Ila msizifungue wenyewe. Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii nilikosa fimbo za chuma za kukazia, nikajitia ujuzi na bisibisi. Springi ya mlango wa kimo cha futi saba hukazwa kwa kuizungusha kama mara saba na nusu. Nilifika mara ya tano, bisibisi ikanichomoka, ikapita karibu na sikio na kuzama kwenye ukuta wa jipsamu mpaka mpini. Mwenye nyumba aliniletea maji ya kunywa, sikuweza kushika glasi.

Fundi akija, mwambie aupime mlango uzito kabla ya kuchagua springi. Akikupa bei bila kukuambia unene wa waya na springi zitadumu mizunguko mingapi, tafuta mwingine. Kwa nyumba yenye harakati kama yenu, omba za mizunguko 20,000. Hizo zitawapeleka miaka tisa. Baadaye zipulizieni mafuta ya springi kila kabla ya baridi.

Kuhusu mota ya shemeji, mimi ninaogopa zaidi hao watoto wa baiskeli. Mota iliyoongezwa nguvu ili ishinde mlango mzito inaweza kuchelewa kuhisi kuwa imemgusa mtu. Yale macho mawili karibu na sakafu, yanayouzuia mlango kushuka mtu akiwa njiani, ambayo yameenea Marekani tangu sheria iliyoanza kutumika 1993, husaidia tu kama hayajasogezwa wala kufunikwa na mabuti ya theluji. Springi zikishabadilishwa, jaribuni mota ya zamani wiki moja. Nadhani itanyamaza, na shemeji, kama bado ana risiti, arudishe yake dukani.