Funguo imekwama kwenye swichi ya gari? Plaizi weka pembeni kwanza

Mimi niliwahi kuvunja funguo ndani ya swichi kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo haya siyo ya kusimuliwa. Nimepaki, nimezima gari, nimeshapitiliza muda, navuta funguo haitoki. Navuta tena, wapi. Nikatoa plaizi kwenye buti nikaibana shingoni nikaizungusha, nikaona kabisa chuma kinajipinda pale kinapokutana na ile plastiki ya kushikia, na badala ya kuacha nikaongeza nguvu. Kak! Kichwa nimebaki nacho mkononi, meno yako ndani.

Fundi alipofika hata hakuangalia swichi, aliangalia gia. Akakanyaga breki, akaishusha ile gia mpaka N (gia huru) halafu akairudisha P (ya kupaki) kwa kuisukuma kabisa mpaka ikalia "tak". Akaingiza bisibisi nyembamba akageuza swichi ikarudi hadi mwisho bila kelele yoyote, kile kipande akakitoa taratibu na kiwaya chembamba kilichopindwa ncha. Yaani funguo haikuwa na shida hata kidogo! Gia ilikuwa haijafika P vizuri, imebaki nusu kidole, na gari za otomatiki nyingi zimetengenezwa makusudi zisikuachie funguo mpaka gia iwe P, ili usije ukashuka ukaiacha ikabiringika.

Kwa hiyo anza na gia. Vuta hendibreki, kanyaga breki, peleka gia N kisha rudisha P kwa uhakika, halafu jaribu. Na kama gia iko P kweli na bado inagoma, kuna kaswichi kadogo chini ya mkono wa gia ndiko kanakoiambia gari "tumeshafika P", kakichakaa au kakimwagikiwa kinywaji chenye sukari kananasa, hapo gari inaamini bado uko kwenye D, gia ya kwendea mbele. Dalili yake ni hii, ukiitikisa gia kidogo kuelekea mbele huku unageuza funguo, ghafla inakubali. Leo itakubali kesho itagoma, usiizoee, mwambie fundi aitazame.

Kitu cha pili ni usukani. Ukiugusa gari ikiwa imezimwa unajifunga, na kuna wakati ile pini inayoufunga inabanwa na uzito wa matairi, hasa kama yamegusa ukingo wa barabara. Utasikia upande mmoja usukani ni mgumu kama ukuta na upande mwingine unacheza kidogo. Vuta kuelekea ule upande unaocheza huku mkono mwingine unageuza funguo polepole. Polepole jamani, funguo nyingi zinavunjikia hapa.

Halafu kuna gari, hasa za gia za mkono, ambazo lazima usukume funguo kwa ndani kidogo ndio iende hatua ya mwisho, na nyingine zina kitufe pembeni ya swichi cha kubonyeza. Umeazima gari ya mtu unahangaika nusu saa kumbe ni kitufe. Uliza mwenyewe kabla hujaanza kutoa jasho.

Betri nayo. Kwenye baadhi ya otomatiki kinachoachia funguo kinatumia umeme, betri ikifa na funguo inabaki humo humo. Kama taa za dashibodi haziwaki kabisa, busti betri kwanza (iazime umeme wa betri nyingine) kabla ya kulaumu swichi. Kitabu cha gari kikiwepo kisome, gari nyingine zina katundu chini ya usukani ka kuachilia funguo kwa mkono, ila huwezi kukajua kwa kubahatisha.

Ukishapita hayo yote ndio sasa tuongelee funguo yenyewe. Iangalie meno. Yakiwa yamelika na kuwa ya mviringo, vile vibati vidogo ndani ya swichi havikai sawa, vinaing'ang'ania. Ukienda kuchonga nyingine peleka ile ya akiba ambayo haijatumika sana, maana ukichonga kutoka kwenye iliyolika unanakili ubovu ule ule. Na kama ndani kuna vumbi weka unga wa grafaiti kidogo, ule unga mkavu wa kulainisha, ingiza na kutoa funguo mara kadhaa. Watu wanapenda kumwagia oili ya injini, siku mbili tatu inateleza vizuri halafu inakusanya vumbi inakuwa uji, unarudi pale pale mbaya zaidi.

Ikivunjika kama yangu, usiguse na gundi. Kuna mtu atakushauri upake gundi kwenye kile kichwa uunganishe uvute, gundi ikiingia kwenye vibati swichi nzima imekwisha. Kipande kikichungulia nje kivute na plaizi yenye mdomo mwembamba, kisipochungulia muite fundi funguo. Na ukilazimika kuiacha gari huku funguo imenasa kwenye hatua inayowasha redio, funga milango kwanza kwa ile ya akiba kisha chomoa waya hasi wa betri, la sivyo asubuhi una matatizo mawili.

Ah, na ule mzigo wa funguo ishirini na mdoli unaoning'inia kwenye swichi kila gari ikiruka tuta, unakula swichi taratibu. Yangu siku hizi inakaa peke yake na kikamba kifupi, za nyumbani ziko kwenye begi.