Usiulize mgahawa wa Kichina uko wapi, uliza mpishi katoka mkoa gani

Nilipohamia mji mkubwa nilikuwa najua kitu kimoja tu, kwamba chakula cha Kichina cha ukweli kiko Chinatown, yaani mtaa wa Wachina, basi. Jumamosi ya kwanza nikapendeza nikaenda, nikapita chini ya lile geti jekundu, mataa ya duara yananing'inia barabara nzima, na kila mlango una kijana kashika menyu ya picha anakuita utadhani mnajuana. Nikaingia kwenye ule uliokuwa na dragoni mkubwa kuliko yote. Nikaletewa kuku wa kukaanga kaoga sosi nyekundu tamu kama jamu, halafu mwisho biskuti yenye kikaratasi cha bahati ndani. Nikapiga picha, nikaposti, nikajiona mjanja.

Siku moja nikamsimulia jirani yangu wa ghorofa ya chini, mama wa Kichina, akacheka mpaka akashika mlango. Zile biskuti kwao hazipo, zilienezwa California na wahamiaji wa Kijapani. Na yule kuku, anaitwa wa General Tso, alibuniwa Taiwan na mpishi Peng Chang-kuei mzaliwa wa mkoa wa Hunan kule China, hakuwa na sukari hata kidogo, utamu ulikuja kuongezwa New York miaka ya 1970. Sio kwamba ni kibaya jamani, mimi mpaka leo nakula nikiwa nimechoka, ila sicho nilichokuwa natafuta.

Akaniuliza, ulikula chakula cha wapi? Nikasema cha Kichina. Akasema ndio, nimesikia, cha wapi?

Hapo ndo nikaanza kuelewa. Ile nchi ina watu zaidi ya bilioni moja na mia nne milioni, huwezi kusema wanakula kitu kimoja. Kaskazini ni ngano, yaani tambi, mikate ya mvuke, na jiaozi, vile vimfuko vya unga vyenye nyama ndani, kusini ni wali. Mkoa wa Sichuan ni pilipili na zile punje za huajiao zinazotia ganzi, mkoa wa Guangdong wao samaki wa mvuke na tangawizi, sosi kidogo tu usije ukaharibu samaki. Kwa hiyo ukikuta mgahawa menyu ina vyote hivyo, na sushi, na kari ya Kithai, ujue pale ndani hakuna mtu anayepika cha kwao.

Sasa unajuaje katoka wapi na wewe Kichina hujui? Kibao cha nje. Jina la Kiingereza mara nyingi halikuambii kitu, ni Golden hiki na Lucky kile, ila la Kichina pale pale juu linasema kila kitu. Kariri herufi chache tu. 川 ni mistari mitatu imesimama, hiyo Sichuan, hata mtoto anaikumbuka. 湘 ni Hunan, 粤 ni Guangdong. Nyingine elekeza kamera ya simu, apu ya kutafsiri itakusaidia, japo inachekesha, niliwahi kuambiwa na simu kwamba naagiza "mapafu ya mume na mke", kumbe ni sahani maarufu ya Sichuan, nyama na matumbo ya ng'ombe yamekatwa membamba yakamwagiwa mafuta ya pilipili, inaliwa ya baridi.

Kuhusu mtaa, acha kufuata geti, fuata mahali watu wanaishi. Sehemu nyingi Chinatown ya zamani kodi imepanda na watalii wamejaa, familia zilishahamia pembeni ya mji siku nyingi. New York watu watakwambia panda treni namba 7 mpaka mwisho, Flushing, Los Angeles ni San Gabriel Valley, Vancouver wanavuka kwenda Richmond. Kama mji wako hauna jina maarufu hivyo tafuta supamaketi kubwa ya Wachina, ile yenye matangi ya samaki hai na magunia ya mchele mlangoni, afu zunguka majengo ya jirani kwa miguu. Au tafuta chuo chenye wanafunzi wengi kutoka China, wale vijana wanakumbuka nyumbani na hawavumilii chakula cha uongo. Mimi mgahawa wangu nilioupenda kuliko yote ulikuwa katikati ya fundi simu na dobi, kioo kina mvuke, hakuna dragoni hata mmoja.

Rivyu za mtandaoni soma ila soma kwa akili. Mtu akitoa nyota moja kwa sababu weita hakutabasamu, hiyo haikuhusu, wewe angalia picha za wateja, sahani zinafanana au kila meza ina kitu chake? Kila meza ikiwa na bakuli lile lile, hilo ndo la kuagiza. Na ukitafuta kwenye ramani usiandike Chinese food, kopi zile herufi uzibandike, utashangaa majibu yanavyobadilika.

Ukishaingia angalia ukutani. Karatasi zilizoandikwa kwa mkono kwa peni ya wino mnene, zimebandikwa na selotepu, mara nyingi ni vya leo au vya msimu na kwenye menyu ya Kiingereza havipo. Pale mgahawani kwangu saa tisa mchana, wateja wakiisha, wafanyakazi wanne walikuwa wanakaa meza ya nyuma wanakunja jiaozi, unga mpaka kwenye viwiko, yule bibi kidole gumba kinabana mara sita saba kimoja kimekwisha wala haangalii, macho yako kwenye tamthilia. Ukiona hivyo kaa chini.

Kuagiza sasa. Usiseme "nataka cha asili", watakuangalia tu. Uliza kwa heshima wanatoka mkoa gani, afu uliza kwao wanakula nini. Na usijifanye mwamba. Mimi pale pa Sichuan niliambiwa mara mbili hii kali nipunguze, nikasema weka kama unavyokula wewe, ndani ya dakika mbili midomo inatetemeka kama imeguswa na betri, ulimi siusikii, nikadhani ni aleji nakufa. Ni huajiao tu, ndo kazi yake. Dada aliyekuwa ananihudumia akaniletea bakuli la wali bila kusema neno, ila alipogeuka mgongo wake ulikuwa unacheka.

Kwa wasiokula nguruwe hii ni muhimu, kwenye menyu ya Kichina neno 肉 likiwa peke yake, yaani nyama bila kutajwa ya nini, kwa kawaida ni nguruwe, na hata mboga zinaweza kukaangwa na mafuta yake. Tafuta herufi 清真 kwenye kibao, maana yake ni chakula cha Waislamu. Wengi wao ni wa jamii ya Hui, na ukibahatika ni tambi za mji wa Lanzhou, supu ya ng'ombe angavu inayoonyesha mpaka chini ya bakuli, figili, mafuta mekundu ya pilipili, giligilani juu. Tambi zinavutwa kwa mikono hapo hapo na unachagua unene, nyembamba kama uzi mpaka pana kama mkanda. Mimi mkanda.

Na dim sum, vile visahani vidogo vidogo vya Guangdong vinavyoliwa na chai, nenda asubuhi, saa nne hivi, sio usiku. Sahau kwenda peke yako pia, utaishia vitu viwili umeshiba.

La mwisho, rudi. Mara ya kwanza mimi nilipewa menyu ya Kiingereza na uma. Ya pili vijiti. Ya nne au ya tano yule dada akaja na menyu nyingine kabisa, kurasa mbili, Kichina kitupu, kona imelowa mafuta, akaiweka mezani akaondoka. Nimefika katikati ya ukurasa wa kwanza.