Ukifika kwa daktari, taja kazi yako

Nilichuna mbuzi kwenye machinjio ya Kiamaiko, Nairobi, miaka saba. Mitatu ya kwanza, cheti changu cha afya nilikuwa nanunua. Unatoa pesa, unaletewa karatasi ina muhuri, maabara hujaiona. Wengi tulifanya hivyo, na najuta.

Sheria inataka kila anayeshika chakula apimwe kila miezi 6. Kupimwa kwenyewe ni kazi ndogo: unapewa kimkebe chenye kijiko kwenye kifuniko, unatia kinyesi kidogo, wanatafuta amiba, minyoo na taifodi. Usione haya. Mtu anaweza kubeba taifodi bila homa yoyote na awaambukize wanaokula alichoshika. Mary Mallon, mpishi wa New York, aligunduliwa hivyo mwaka 1907.

Lakini ndugu yangu, kipimo hicho kinamlinda mlaji. Cha kukulinda wewe unayeshika kisu ni kipimo cha damu, na hicho lazima ukiulizie mwenyewe.

Mimi nilishikwa na brusela, ugonjwa wa bakteria tunaoupata kwa mifugo. Jioni homa inapanda, usiku najikuta shati limelowa jasho kama lililotoka kufuliwa, asubuhi mgongo na magoti hayanyooki. Nikanunua dawa za malaria dukani mara mbili, tena hapa Nairobi ambako malaria ni nadra, na sikuwa nimesafiri popote! Nilihangaika miezi miwili hadi daktari mmoja aliponiuliza, "Unafanya kazi gani?" Nilipomjibu, akaagiza damu ipimwe siku hiyo hiyo. Nilimeza doksisaiklini na rifampisini wiki 6. Usikatize dozi ukipata nafuu, ugonjwa huu hurudi.

Kwa hivyo homa ikikushika, kabla hata ya kueleza unaumwa wapi, sema unachinja. Na kile kipimo cha haraka cha brusela cha tone la damu usikiamini peke yake, mara nyingi hudanganya. Omba majibu yathibitishwe kwa kipimo kingine.

Glavu, gambuti na aproni si hisani ya tajiri wako. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka akupe. Tuliziomba kwa pamoja, watu kumi na wawili, tukapewa. Nilipoomba peke yangu niliambiwa kazi ni ya wanaume.

Ukiwa na mkwaruzo mkononi, ufunge plasta kabla ya kuvaa glavu. Na mbuzi akipasuliwa akutwe na mimba, mfuko wa mimba usiuguse kwa mkono mtupu, brusela hujaa humo, hata kama foleni ya wateja imefika mlangoni.