Kinachokataa maji kitasafishaje maji?

SWALI: Nimesikia kwamba wataalamu wametengeneza sponji isiyolowa maji, ambayo ikipigwa na jua husafisha maji machafu. Mtaani kwetu kuna gereji, na mtaro unaopita hapo hutanda mafuta. Kitu kisicholowa kitasafishaje maji, na je, kitaufaa mtaro wetu? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Dondoshea maji kwenye jani la gimbi, utaona tone linajikusanya kama shanga na kubingirika, jani likabaki kavu. Jani hilo lina vinundu visivyoonekana kwa macho, vyenye nta juu yake, ambavyo hunasa hewa chini ya tone. Sponji uliyoisikia imeiga umbile hilo, na kwa kuwa kinachokataa maji kwa kawaida hupokea mafuta, hufyonza mafuta na kuyaacha maji. Zaidi ya hayo huelea, yaani hukaa palepale penye utando na jua, ilhali unga uliotiwa katika maji ya tope huzama gizani.

Kazi ya jua hufanywa na titani dioksidi iliyomo katika sponji hiyo, unga mweupe uleule unaotiwa katika rangi za nyumba, ila hapa chembe zake zina upana wa nanomita 20 hivi, na nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Ukijumlisha nyuso za chembe zote zilizomo katika gramu moja, utapata takriban mita za mraba 50. Mwaka 1972 Akira Fujishima na Kenichi Honda wa Japani walionyesha kwamba titani dioksidi ikimulikwa huweza kutenganisha maji kuwa hidrojeni na oksijeni. Mwanga huziondoa elektroni mahali pake, na penye maji na hewa huzaliwa radikali za hidroksili, yaani vipande vikali vya molekuli, ambazo huyavunjavunja mafuta hatua kwa hatua, na mwisho wake huwa kaboni dioksidi na maji.

Kasoro yake ni kwamba unga huu huamshwa na mwanga wa urujuanimno, usioonekana kwa macho, ambao ni kama asilimia 5 tu ya nishati ya jua. Tena ukali wake hauchagui: unaokula mafuta hula pia tabaka linalokataa maji, na titani dioksidi yenyewe ikimulikwa hupenda maji. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye kazi ngumu kuliko zote, ingawa matangazo hupapita haraka.

Kwa mtaro wenu, oili chafu ya injini ni nzito na nyeusi mno, mwanga haupenyi. Sponji ingeifyonza kwanza, ikakamuliwa, na jua likaachiwa mabaki membamba. Risasi na metali nyingine haziteketei kwa njia hii, kwa hiyo maji hayo yasinywewe. Waombeni wenye gereji waikusanye oili katika pipa kabla haijafika mtaroni. Na akija mtu kuwauzia sponji hiyo, mwambieni aianike juani siku kadhaa, kisha aidondoshee maji mbele yenu. Tone likienea badala ya kubingirika, tabaka lake limekwisha.