Waliponitangaza kwa Wazazi wa Wanafunzi Wangu

Usiku wa Jumanne iliyopita, saa nne ikikaribia, nilipokea ujumbe wa msomaji mmoja wa Mwanza ambaye sikuwahi kuwasiliana naye kabla. Alieleza kwamba alikopa kupitia programu ya simu, kwamba siku ya kulipa imepita, na kwamba amepewa hadi saa sita mchana wa kesho yake, la sivyo picha yake itasambazwa kwa watu wote walio kwenye simu yake. Mwisho aliuliza swali moja tu: "Kaka, nibadili laini?" Swali hilo lilininyima usingizi, kwa sababu mwaka 2024 nililiuliza mimi, tena sikuwa na wa kumwuliza.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Morogoro. Januari ya mwaka huo binti yangu mkubwa alichaguliwa kujiunga na kidato cha kwanza katika shule ya bweni. Ada ya sekondari ya serikali ilifutwa kuanzia 2016, na ninashukuru kwa hilo, lakini fomu ya kujiunga ilikuja na orodha yake: godoro, tranka la bati lenye kufuli, ndoo mbili, mashuka, fyekeo, jembe lenye mpini, rimu ya karatasi, sare za darasani na za michezo. Mzazi aliyewahi kuishika fomu ya namna ile anajua kwamba jumla haikuandikwa popote. Unakutana nayo dukani. Nilipungukiwa na shilingi laki mbili hivi, na mshahara ulikuwa bado siku kumi na moja.

Kwenye SACCOS yetu ya walimu nilikuwa na mkopo ambao haujaisha. Kumwomba kaka yangu niliona haya, kwa kuwa katika ukoo wetu mimi ndiye ninayeombwa. Nikapakua programu. Ilitaka namba ya NIDA, picha ya uso, na ruhusa ya kusoma majina yote yaliyohifadhiwa kwenye simu. Nilikubali kila kitu bila kusoma, binti yangu akiwa pembeni yangu sakafuni, anaandika jina lake kwenye ndoo kwa rangi ya kucha ya mama yake.

Niliomba 200,000. Iliyoingia ilikuwa 138,000, nikaelezwa kwamba 62,000 ni makato ya huduma. Nilichotakiwa kurudisha ni 200,000 kamili, wala si kwa siku 91 zilizotangazwa mwanzoni, bali kwa siku saba. Ninafundisha hisabati darasa la sita. Shilingi 62,000 juu ya 138,000 ni karibu asilimia 45 kwa wiki moja, na hesabu hiyo mtoto wa miaka kumi na miwili anaiweza. Mimi siku ile sikuifanya kwa sababu sikutaka kulijua jibu lake.

Wiki zilizofuata sitazieleza kwa urefu. Nilikopa programu ya pili ili nilipe ya kwanza, ya tatu ili nilipe ya pili, kisha ya nne. Daftari ninalo hadi leo: fedha zilizoingia mkononi mwangu ni 612,000, na hadi mwisho wa Juni nilikuwa nimelipa 1,348,000.

Jumatatu moja ya mwezi Machi, wakati wa chai ya saa nne, mwalimu mwenzangu alinigeuzia simu yake bila kusema neno. Ilikuwa picha yangu, ile niliyojipiga sebuleni nikiwa na fulana ya ndani, imezungushiwa mstari mwekundu, na chini yake maneno: "TAPELI. Ametoroka na fedha. Wewe ndiye mdhamini wake." Namba yangu ya NIDA ilikuwa imeandikwa yote. Ujumbe huo ulikwenda kwa mwalimu mkuu, kwa fundi bomba, kwa mama mkwe wangu Njombe, na kwa wazazi kumi na mmoja wa darasa langu, ambao niliwahifadhi kwenye simu kwa majina ya watoto wao ili niweze kuwapigia mtoto akiugua. Saa za kutoka, mama mmoja aliyezoea kusimama na kuniuliza maendeleo ya mwanawe alinisalimia, "Habari za kazi, mwalimu," huku anamvuta mtoto mkono na kutazama chini.

Lililoniumiza zaidi lilikuwa nyumbani. Mke wangu nilikuwa nimemficha tangu Januari, na habari hii aliipata kwa mama yake. Aliniuliza kwa sauti ya chini, watoto wakiwa wamelala: "Kwa nini nimesikia kutoka Njombe jambo lililokuwa chumbani kwangu?" Sikuwa na jibu.

Shuleni nilikuwa mweka hazina wa mfuko wetu wa kufa na kuzikana. Wiki hiyo hiyo niliombwa kukabidhi, ikaelezwa kwamba ni kwa ajili ya kulinda mfuko. Nilikabidhi daftari na fedha zote, hapakupungua hata shilingi moja, na tangu siku ile hakuna aliyefungua mdomo kusema kwamba hesabu zilikuwa sawa. Ninaliandika hili kwa sababu bado linaniuma.

Katika usiku ule wa Machi nilielewa jambo ambalo ndilo ninalotaka kukuachia, wewe unayesoma na una deni la namna hii. Benki hushika hati ya nyumba. Mkopeshaji wa kausha damu wa mtaani hushika televisheni, jokofu au kitanda, na watu wamebebewa vitu vyao mchana majirani wakitazama. Hawa wa simu hawakushika chombo chochote changu. Walichoshika ni ile siri yangu. Kwa kadiri mke wangu alivyokuwa hajui, mwalimu mkuu hajui na kaka yangu hajui, walikuwa na kitu cha kunitishia. Kwa hiyo sema. Sema kabla hawajasema wao, na uanze na mtu ambaye unaogopa zaidi ajue.

Mwezi Aprili programu ya tatu ilipoanza kutishia, mimi na mke wangu tulikaa mezani tukaandika ujumbe mmoja, naye ndiye aliyesahihisha maneno. Ulisomeka hivi: "Ndugu zangu, nina deni kwenye mikopo ya simu na ninalilipa. Kesho huenda mkapokea picha yangu na maneno ya kunidhalilisha. Hakuna aliyenidhamini wala anayedaiwa. Msitume fedha kokote." Tuliutuma kwa watu zaidi ya mia, nami nilipokuwa nabonyeza mikono ilitetemeka. Picha ilisambazwa kesho yake mchana. Fundi bomba aliniandikia: "Mwalimu, wamefika kama ulivyosema." Kaka yangu, yule niliyemwonea haya, alinitumia 150,000 jioni ile bila hata kuniuliza ninadaiwa na nani. Ninasema kwa fahari kwamba siku hiyo nilifundisha vipindi vyote vitano.

Mengine ni machache. Usikope kulipa mkopo. Hilo nalirudia kwa sababu ndilo lililozidisha deni langu zaidi ya mara mbili. Hifadhi picha za skrini zenye vitisho, namba na saa, uende nazo polisi, na upeleke malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo na majina ya watu yaliyo kwenye simu yako si mali ya mkopeshaji. Kabla hujapakua chochote, angalia kama mwenye programu ana leseni ya Benki Kuu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakifanya kazi bila kibali, nami niliipitia kwa kidole, mstari kwa mstari, nikakuta mbili kati ya nne zangu. Nilifurahi, lakini tangazo lile lilikuja miezi minane baada ya wazazi wa darasa langu kuiona picha yangu.

Nanyi mnaopokea picha za namna hii, acheni kuzisambaza. Mwalimu mwenzangu aliyenionyesha simu yake nilimshukuru, ila wapo walioiweka picha ile kwenye kundi la WhatsApp la mtaa na kuandika "jamani muwe makini", kana kwamba wanaonya. Huko si kuonya. Mkopeshaji hana miguu ya kufika mtaani kwako, anaazima yako. Na ninyi akina baba wenzangu, mnaodhani kumficha mke deni ni kumwepusha na mawazo, mwambieni leo kabla hajalala. Sisi wanaume tumelelewa kuamini kwamba heshima ya baba ni kutoulizwa fedha zimetoka wapi, na imani hiyo ndiyo wanayoitegemea watu hawa kila mwisho wa wiki.

Yule dada wa Mwanza nilimjibu saa tano usiku. Nilimwambia laini asibadili. Majina yameshanakiliwa kutoka kwenye simu yake, hivyo namba mpya isingemzuia mtu yeyote kupokea picha. Ingemfanya tu yeye asipatikane wakati shangazi yake au bosi wake anapompigia kuuliza kuna nini, na hapo neno "ametoroka" lingeonekana kuwa kweli. Nilimtumia maneno yale tuliyoandika mimi na mke wangu, nikamwambia abadilishe anavyotaka na aanze na bosi wake.

Siku ya pili yake, saa saba na dakika kumi mchana, simu yangu iliita. Ilikuwa namba yake ile ile.