Homa ikikupata baada ya kutoa damu, piga simu

Nilitoa damu Jumamosi asubuhi nikiwa mzima kabisa. Jumatatu usiku nikaamka natetemeka, macho yanauma kwa nyuma kila nikiyageuza, viungo vyote vimekaza. Dengue, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, ilikuwa imeshaanza kuenea, kwa hiyo sikuhitaji kubahatisha sana. Nikaukumbuka ule mfuko wa damu.

Ukitoka kuchangia hupewa kikaratasi chenye namba ya simu na namba ya mchango wako. Wengi hukitupa pamoja na pamba ya mkononi. Changu kilikuwa bado kwenye pochi. Nilipiga kulipokucha. Dada aliyepokea aliniuliza homa ilianza saa ngapi, akanisomea namba ya mfuko tarakimu moja moja ili tuhakikishe, kisha akaniomba nisikate. Aliporudi alisema chembe nyekundu zimetengwa kwenye friji na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zilikuwa hazijatoka kwenda kwa mgonjwa. Nilishusha pumzi. Chembe sahani hukaa siku 5 hadi 7 tu, kwa hiyo hutumika upesi, na mara nyingi huongezewa mgonjwa wa saratani ambaye kinga yake imeshuka. Ningengoja hadi nipone ndipo nipige, ningekuwa nimechelewa.

Kinachofanya ugonjwa huu uwe mgumu ni kwamba virusi vya dengue huweza kuwamo kwenye damu siku moja au mbili kabla ya homa. Isitoshe, watu 3 kati ya 4 wanaoambukizwa hawaoni dalili yoyote. Kipimajoto cha pale mezani hakiwezi kuwakamata. Vipimo vya kutafuta vinasaba vya virusi kwenye damu vipo, lakini si kila benki ya damu inapima dengue au chikungunya, homa nyingine ya virusi inayoenezwa na mbu. Malaria nayo hupita kwenye damu, na vimelea vyake haviuawi na baridi ya friji.

Mlipuko wa chikungunya ulipopamba moto mwaka 2006 kisiwani Réunion, kisiwa cha Ufaransa katika Bahari ya Hindi, ukusanyaji wa damu ulisimamishwa na damu ikaletwa kutoka Ufaransa bara. Visiwa na miji mingi haina pa kuagizia namna hiyo. Inategemea ukweli wa anayekaa kwenye kiti.

Kwa hiyo, ukiulizwa maswali kabla ya kutoa damu, jibu yote. Umesafiri wapi, nani nyumbani ana homa, umepata vipele, umemeza nini. Hili la dawa nalisisitiza: paracetamol uliyokunywa alfajiri kwa sababu ya kichwa inaweza kuificha homa, nawe ukapita ukionekana mzima. Ukiwa na shaka, ahirisha. Na ukishaugua, usimeze aspirini wala ibuprofeni mpaka daktari aseme si dengue, maana huongeza hatari ya kutokwa damu.

Kuna wanaoacha kuchangia kabisa kwa kuogopa kuambukizwa pale pale. Sindano ni mpya na hutumika mara moja tu, hupati dengue kwa kutoa damu. Wajawazito na majeruhi wanahitaji damu hata wakati wa mlipuko, tena akiba hupungua kwa kuwa wachangiaji wengi wanaugua.

Mimi niliambiwa nikae kwanza, nikapewa tarehe ya kurudi. Tarehe hiyo ilipofika nilirudi, na nilipotoka nikaihifadhi ile namba kwenye simu kabla sijafika mlangoni.